Si Kila Kifua Kinachobana ni Pumu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Usemi huo umetumika miaka mingi kuwaonya wale wanaoona haya kwenda hospitali. Lakini yako maradhi mengine ambayo mgonjwa hayafichi hata kidogo. Huyapeleka kwa daktari mchana na usiku, humweleza kila aliye tayari kumsikiliza, na bado hayatambuliwi, kwa kuwa maradhi yenyewe yamevaa vazi la ugonjwa mwingine.

Mfikirie mwalimu wa kike wa shule ya msingi. Amesimama mbele ya darasa, amekwisha kufuta ubao na vumbi la chaki bado limetanda hewani. Ghafla anahisi koo lake limekabwa. Anajaribu kuvuta pumzi, na badala ya hewa kuingia kwa ulaini unasikika mlio mkali shingoni. Watoto wanashtuka, mwalimu mkuu anaitwa, gari linatafutwa. Hospitalini anapewa dawa za pumu, na baada ya muda mfupi yu mzima. Daftari lake linaandikwa neno moja: pumu.

Baada ya wiki mbili mambo yanakuwa yale yale. Dawa zinaongezwa. Mwaka unapita, na wa pili unafuata. Nyumbani watu wanaanza kunong'onezana. Mbona akifika hospitali hupata nafuu upesi hivyo? Wengine wanasema anajitia, wengine wanasema ana pepo, na wengine wanasema amechoka na kazi tu. Naye mwenyewe, baada ya kuyasikia hayo mara nyingi, anaanza kujiuliza kama kweli ana wazimu.

Mwalimu huyo ni mfano tu, lakini habari yake imewapata watu wengi wa kweli katika nchi nyingi. Ugonjwa wao si pumu, wala si uongo. Ni hitilafu ya nyuzi za sauti, yaani nyuzi hizo kujifunga wakati ule ule zinapotakiwa kufunguka.

MLANGO WA PUMZI

Ili kuielewa hitilafu hii yafaa kwanza kujua njia ya hewa ilivyo. Hewa tunayovuta huingia puani au kinywani, hupita kooni, na hufika kwenye zoloto, ile sehemu ngumu inayoonekana kwa mbele shingoni, hasa kwa wanaume. Ndani ya zoloto zimo nyuzi mbili za sauti. Chini yake ndipo lilipo bomba kuu la hewa, ambalo hugawanyika kwenda katika mapafu mawili, na huko likaendelea kugawanyika katika vijibomba vidogo zaidi na zaidi.

Nyuzi za sauti ni mfano wa mlango wenye mbao mbili. Tunaposema au kuimba, mbao hizo husogeleana, hewa ipitayo huzitikisa, na sauti hutoka. Tunapomeza chakula hufungwa kabisa ili tonge lisipotee njia likaingia mapafuni. Tunapovuta pumzi hufunguka wazi. Kazi yote hiyo hufanyika bila sisi kuifikiria.

Kwa mwenye hitilafu tunayoizungumzia, mlango huo hukosea wakati wake. Anapovuta pumzi, mbao mbili husogeleana badala ya kuachana, na mara nyingi hubaki upenyo mdogo tu kwa nyuma. Hewa ikilazimishwa kupita hapo hutoa mlio. Mapafu yake hayana kasoro. Mlango ndio uliofungwa, na mwenye nyumba anagonga kutoka ndani.

TOFAUTI YAKE NA PUMU

Pumu ni ugonjwa wa vile vijibomba vidogo vilivyo ndani ya mapafu. Huvimba, hujikaza na kujaa makohozi. Kwa sababu hiyo mwenye pumu hupata shida zaidi anapotoa pumzi, na mlio wake, unaofanana na filimbi, hutoka kifuani. Pumu hupenda kumwamsha mtu usiku wa manane au alfajiri. Dawa ya kuvuta kinywani, ile ambayo wengi huiita inhela, humpa nafuu baada ya dakika chache.

Mwenye hitilafu ya nyuzi za sauti hupata shida zaidi anapovuta pumzi ndani. Akiulizwa wapi panambana, mara nyingi hushika shingo, hashiki kifua. Shambulio huja ghafla na huweza kuondoka ghafla vile vile. Sauti yake huweza kukwaruza. Si kawaida limwamshe usingizini. Inhela humsaidia kidogo au haimsaidii kabisa. Kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni kupima hewa iliyomo katika damu mara nyingi huonyesha kwamba hewa inatosha, ijapokuwa mgonjwa anajiona yu karibu na mauti.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba ni rahisi kuyatenga magonjwa haya mawili kama unavyotenga mchele na pumba. Dalili huingiliana, na wako watu wengi walio nayo yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo haifai mgonjwa asome makala, ajipime mwenyewe, kisha atupe dawa zake za pumu. Kufanya hivyo kumewagharimu watu maisha.

KIOO CHA MWALIMU WA KUIMBA

Hitilafu hii si ngeni. Mnamo mwaka 1842 daktari Robley Dunglison wa Marekani aliandika katika kitabu chake cha uganga habari za wanawake waliobanwa koo kwa namna hiyo, akaihesabu kuwa ni matokeo ya mfadhaiko wa moyo. Wakati huo hapakuwa na njia ya kuchungulia ndani ya zoloto la mtu aliye hai.

Njia hiyo haikuvumbuliwa na daktari. Ilipatikana kwa mwalimu. Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha uimbaji, alitamani kuona jinsi sauti inavyozaliwa. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha aina watumiayo waganga wa meno, akakiingiza nyuma ya ulimi wake, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufungika. Mwaka uliofuata habari hiyo ilisomwa mbele ya wataalamu mjini London. García aliishi hata akapita miaka 100, akafariki mwaka 1906. Kwa kutumia kioo cha namna hiyo, daktari Morell Mackenzie wa Uingereza alieleza mwaka 1869 kwamba ameziona nyuzi za wagonjwa zikisogeleana wakati wa kuvuta pumzi.

Pamoja na ushahidi huo, habari hiyo ilisahauliwa kwa miaka mingi. Ilipotajwa tena mwaka 1974, madaktari walioandika juu ya mgonjwa mmoja waliupa ugonjwa wake jina lililokuwa na maana ya kwamba anajifanya. Hivyo mgonjwa alibebeshwa mizigo miwili: koo lililofunga, na jina la mwongo.

WAGONJWA WATANO WA DENVER

Mabadiliko makubwa yalitokea katika mji wa Denver, Marekani. Hapo pana hospitali iitwayo National Jewish, iliyofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na baadaye ikajulikana sana kwa matibabu ya pumu. Wagonjwa ambao pumu yao imeshindikana kwingine walipelekwa huko.

Mwaka 1983 madaktari wa hapo walitangaza habari za wagonjwa watano wa namna hiyo katika jarida la uganga la New England. Wote walikuwa wakitibiwa pumu isiyosikia dawa. Madaktari walipitisha puani mwao mpira mwembamba wenye taa, wakatazama zoloto wakati shambulio likiendelea. Walichokiona ni nyuzi za sauti zilizosogeleana, na upenyo mdogo umebaki. Shambulio lilipokwisha, nyuzi zilifanya kazi kama za mtu mwingine yeyote.

Jambo la kuzingatia ni hili: hakuna hata mmoja wa wagonjwa hao aliyejua kwamba nyuzi zake zinajifunga, wala aliyeweza kuzifunga namna ile kwa hiari yake. Kwa hiyo hawakuwa wakijifanya. Waliacha kutegemea dawa za kupanua mapafu, wakafundishwa na mtaalamu wa tiba ya usemi jinsi ya kupumua, wakapewa na msaada wa kutuliza nafsi. Wote walipata nafuu kubwa.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1995, hospitali hiyo ilitoa hesabu ya wagonjwa 95 waliothibitishwa kwa kutazamwa koo. Kati yao 53 walikuwa na pumu pia, na 42 hawakuwa na pumu kabisa. Hao 42 walikuwa wametibiwa pumu wasiyokuwa nayo kwa muda wa wastani wa karibu miaka 5.

GHARAMA YA JINA LISILO LAKE

Pengine mtu atauliza: kuna hasara gani mgonjwa akiitwa wa pumu, maadam anapata dawa? Hasara ni kubwa.

Pumu isiyotulia kwa inhela hutibiwa kwa vidonge vikali vya jamii ya steroidi, kama vile predinisoloni. Kwa mwenye pumu ya kweli vidonge hivyo huokoa maisha. Lakini vikitumiwa miezi na miaka hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, huvimbisha uso, hunenepesha mwili na huweza kuleta mtoto wa jicho. Asiyekuwa na pumu hupata hasara hizo zote bila faida hata moja. Zaidi ya hapo, wako waliolazwa usingizi na kuingizwa mpira wa kupumulia kooni, jambo lisilo dogo, kwa ajili ya mapafu ambayo hayakuwa na kasoro.

Ieleweke pia kwamba aliyekwisha kutumia vidonge hivyo kwa muda mrefu hapaswi kuviacha kwa siku moja. Mwili hushindwa kustahimili ghafla hiyo. Daktari ndiye anayevipunguza kidogo kidogo.

Hasara nyingine haipimwi kwa mizani. Ni hofu ya kukaa peke yake, ni kuacha masomo, ni mume au mama mkwe aliyechoka kuamshwa. Hofu hiyo nayo hulikaza koo zaidi, na kwa njia hiyo ugonjwa hujilisha wenyewe.

MAMBO YANAYOCHOKOZA KOO

Sababu haiwi moja kwa watu wote. Kwa wengi, koo limekwisha kuchokozwa hata likawa jepesi kushtuka. Miongoni mwa wachokozi ni moshi wa kuni na wa sigara, manukato makali, dawa za kusafishia choo na sakafu, vumbi, na hewa ya baridi. Mwingine ni kiungulia: uchungu wa tumbo hupanda hata kooni, hasa kwa mtu anayelala mara baada ya kula. Makamasi yanayochuruzika kutoka puani kwenda kooni nayo huchangia. Wako pia wanaoshambuliwa wakati wa huzuni, hasira au woga. Lakini wako wasio na fadhaa yoyote, na si haki kumwambia kila mgonjwa kwamba matatizo yake ni ya moyoni.

Vijana wanariadha ni kundi la kuangaliwa kwa makini. Kijana hukimbia vizuri, na anapofikia kasi kubwa kabisa koo hubana na mlio hutoka. Akipumzika dakika chache hali hurudi. Mwalimu wa michezo humwona mvivu, au humpa inhela ya rafiki yake. Uchunguzi uliofanywa kwa vijana wa mji wa Uppsala, Sweden, na kutangazwa mwaka 2015, ulikadiria kwamba karibu 6 katika kila 100 zoloto zao hujibana wakati wa mazoezi. Huko Bergen, Norway, wataalamu walitengeneza njia ya kulitazama koo la mtu huku akikimbia juu ya mashine.

JINSI YA KUMSAIDIA DAKTARI

Shida kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba mgonjwa anapomfikia daktari mara nyingi shambulio limekwisha, na koo likitazamwa linaonekana zima. Kwa hiyo mgonjwa na jamaa zake wanayo kazi ya kufanya.

Kwanza, iwekwe daftari. Iandikwe siku na saa ya shambulio, mtu alikuwa akifanya nini, alikula nini, palikuwa na harufu gani, lilidumu kwa muda gani, na dawa ipi ilisaidia au haikusaidia.

Pili, mgonjwa ajichunguze na aeleze kwa usahihi: shida ni kuvuta pumzi au kuitoa? Panapobana ni kooni au kifuani? Maneno haya machache huweza kumfungua macho daktari.

Tatu, kwa kuwa siku hizi simu zenye kamera zimeenea, ndugu mmoja achukue picha zenye sauti wakati wa shambulio, mwingine akimhudumia mgonjwa. Mlio uliosikiwa na daktari mwenyewe una uzito kuliko masimulizi.

Nne, mgonjwa aulize kama anaweza kupimwa nguvu ya pumzi kwa mashine. Mashine hiyo huchora mstari wa pumzi inayoingia na inayotoka, na kwa mwenye hitilafu hii sehemu ya pumzi inayoingia huweza kuonekana imelala kama iliyokatwa kwa kisu. Ushahidi wenyewe hasa, lakini, ni kulitazama zoloto kwa ule mpira wenye taa wakati dalili zipo. Kazi hiyo hufanywa na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, ambaye kwa kawaida hupatikana katika hospitali kubwa. Safari ya kwenda huko ni ghali, lakini miaka mitano ya dawa zisizofaa ni ghali zaidi.

KULIFUNDISHA KOO UPYA

Habari njema ni kwamba dawa iliyo kubwa kuliko zote haiuzwi dukani. Ni mazoezi ya kupumua, ambayo yafaa kufundishwa na mtaalamu wa tiba ya usemi au mtaalamu wa viungo aliyeyasomea.

Mgonjwa huketi wima, mabega yameshushwa, taya limelegea, ulimi umelala chini nyuma ya meno. Huvuta pumzi kwa pua, kidogo kidogo kama anayenusa ua. Kisha huitoa polepole kwa midomo iliyokusanywa, kama mama anayepoza uji wa mtoto. Wengine huitoa kwa kutamka "sss" au "fff" kwa muda mrefu. Mkono huwekwa tumboni, ili tumbo ndilo lipande na kushuka wala si mabega. Kunusa kwa pua huzisaidia nyuzi kufunguka, na kuitoa pumzi polepole huziacha zitulie.

Mazoezi haya hufanywa mara kadhaa kila siku wakati mtu yu mzima. Anayengoja shambulio ndipo ajifunze ni sawa na anayejifunza kuogelea siku mtumbwi unapozama. Mwili ukiyazoea huyafanya wenyewe siku ya shida.

Pamoja na mazoezi, wachokozi wa koo nao hushughulikiwa. Mwenye kiungulia hula mapema jioni na hutibiwa. Mwenye mafua ya mzio hutibiwa pua. Jiko la kuni huwekwa mahali penye hewa. Mwenye huzuni nzito hupata mtu wa kuzungumza naye. Na mwenye pumu pia huendelea na dawa zake za pumu kama alivyoagizwa.

WAJIBU WA JAMAA

Shambulio likitokea, wanaomzunguka mgonjwa wasipige kelele wala wasimzonge. Mtu mmoja amkabili kwa utulivu na kumwambia, "Nusa, kisha puliza polepole," huku naye akifanya hivyo ili aigwe. Mgonjwa asiambiwe "acha kujitia", maana hajitii.

Lakini tahadhari haiachwi. Ikiwa midomo inageuka rangi ya buluu au kijivu, ikiwa mtu anapoteza fahamu, ikiwa uso au ulimi umevimba baada ya kula kitu au kuumwa na nyuki, ikiwa ana homa na anashindwa kumeza mate, au ikiwa mtoto alikuwa akichezea punje au kitu kidogo, hapo si pa mazoezi. Apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye mbano wake haujachunguzwa na daktari hata siku moja.

Turudi sasa kwa yule mwalimu tuliyeanza naye. Siku daktari atakapomwonyesha picha ya nyuzi zake zikijifunga, hatapona papo hapo. Atahitaji wiki au miezi ya mazoezi, na huenda shambulio likamrudia siku ya vumbi. Lakini siku hiyo atajua kwamba linalomkaba lina jina, kwamba mapafu yake ni mazima, na kwamba hakuwa mwongo wala mwenye pepo. Ataketi kwenye kiti chake, atashusha mabega, atanusa na kupuliza, na watoto wataendelea kunakili ubaoni.